Chuo kidogo cha Atchison

Nilikuwa Mahege, wilayani Kibiti, nimeketi barazani na wazee tukingoja jua lipungue. Habari ya siku ilikuwa kijana mmoja wa kidato cha sita aliyepata nafasi katika chuo ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyepata kukisikia. "Sasa hicho nacho ni chuo?" akauliza mzee mmoja, kikombe cha kahawa mkononi. "Mwanangu, mtu mwenye akili anakwenda Mlimani."

Nikamwambia ngoja mzee, nikusimulie habari za Atchison.

Atchison ni mji mdogo wa jimbo la Kansas, Marekani, kando ya mto Missouri. Ukitajwa, hutajwa kwa sababu ya Amelia Earhart, rubani mwanamke aliyezaliwa pale mwaka 1897. Masista Wabenedikto walikuwa na chuo cha wasichana mjini humo, Mount St. Scholastica. Wamarekani wana vyuo vingi vya aina hiyo, kwetu ni nadra: chuo kidogo, mwalimu anamjua mwanafunzi kwa jina na kwa tabia, na anayesomea sayansi haachiwi aikimbie lugha, historia wala falsafa. Hapo ndipo alipofikia, mwaka 1960, msichana wa miaka 20 kutoka kijiji cha Ihithe, Nyeri, aliyekuwa amemaliza shule ya Loreto Limuru. Jina lake Wangari Muta. Dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai.

Hakufika kwa fedha za baba yake. Mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya, alikuwa akizunguka Marekani kutafutia vijana nafasi za masomo, na ndege ya kwanza ya kukodi ilipeleka vijana 81 mwaka 1959. Mwaka uliofuata taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000, wakati John F. Kennedy akiwa bado seneta anayewania urais. Kufikia 1963 vijana wa Afrika Mashariki waliovuka kwa mpango huo walikaribia 800.

Katika shughuli hiyo Mboya alikuwa na mwenzake, Julius Gikonyo Kiano, naye zao la chuo kidogo. Kiano alihitimu Antioch, Ohio, mwaka 1952, mwaka mmoja baada ya Coretta Scott, aliyekuja kuolewa na Martin Luther King. Mwaka 1956 akawa Mkenya wa kwanza kupata shahada ya uzamivu. Na katika jimbo lilelile la Ohio, mwaka 1953, chuo cha Oberlin kilimpa shahada Eduardo Mondlane wa Msumbiji. Huyu Watanzania hatuhitaji kutambulishwa: FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 chini ya uongozi wake, na hapohapo Dar bomu lililofichwa ndani ya kifurushi likamuua tarehe 3 Februari 1969.

Turudi Kansas. Safari yenyewe ya basi kutoka New York ilimfundisha Wangari somo ambalo halikuwa kwenye ratiba ya masista: njiani yeye na wenzake walikataliwa kuketi mkahawani kwa ajili ya rangi yao. Chuoni akasoma biolojia, akaongeza kemia na Kijerumani. Alihitimu 1964, akaenda Pittsburgh kwa shahada ya pili, akarudi Kenya 1966. Nairobi akapata kazi kwa profesa wa anatomia ya mifugo aliyetoka Giessen, Ujerumani, na mwaka 1967 akaenda huko mwenyewe kufanya utafiti. Kile Kijerumani cha Kansas kikapata kazi. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kikampa uzamivu, wa kwanza kwa mwanamke Afrika Mashariki na Kati.

Mtu angeweza kuishia hapo, na picha yake ikaning'inizwa ukutani. Mimi naona kazi yake kubwa ilianzia pale alipoacha kuhesabu vyeti. Tarehe 5 Juni 1977 alipanda miti saba Kamukunji, Nairobi, na Vuguvugu la Mkanda wa Kijani likazaliwa. Alitaka wanawake wa vijijini waoteshe miche wenyewe. Mabwana misitu wakamwambia kupanda mti ni kazi ya mwenye diploma. Wanawake wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakaziatika katika vyungu vilivyovunjika na makopo yaliyotobolewa, wakaviweka pasipofikiwa na mbuzi. Kwa kila mche uliopandwa ukashika, mama alilipwa senti chache. Kufikia Oktoba 2004, alipotangazwa mshindi wa Nobeli ya Amani, miti ilikuwa imepita milioni 30.

Mwezi huohuo wa Oktoba, mikoko ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu duniani. Delta peke yake ina mikoko zaidi ya hekta 50,000, na pwani yote ya Afrika Mashariki haina msitu wa mikoko mkubwa kama huo ulioshikana. Huko nako wapandaji hawana diploma. Mbegu ya mkoko huchipua ingali mtini, ikaning'inia kama fimbo ya kijani iliyochongoka. Mpandaji huichomeka topeni kwa ncha yake, kidogo tu isimame. Akiigeuza juu chini, amepoteza mbegu. Anajua pia kutofautisha tope la mkoko na tope la mchu, mti mwingine wa msitu huo, kwa kulikanyaga tu.

Mzee alikuwa amesikiliza kimya, kahawa imempoa.

"Huyo mama," akasema, "hicho chuo chake kingalipo?"

Nikamweleza kwamba mwaka 1971 kiliunganishwa na chuo jirani cha wanaume, sasa kinaitwa Benedictine College.

"Na ulisema alisoma nini?"

"Biolojia, mzee. Kemia. Na Kijerumani."

"Kijerumani!" Akawageukia wenzake. "Wajerumani si ndio walioiacha manowari yao Königsberg imezama huku deltani mwaka 1915, wakatoka kwa miguu?"

Baraza zima likaangua kicheko, na kahawa nyingine ikaagizwa.