Ushahidi wa Jua katika Hesabu ya Maji

Mkulima aliyezoea shamba lake huijua kiu ya mmea kwa kuutazama tu: jani la mhindi likijikunja adhuhuri mfano wa mrija, na jioni lisikunjuke, hiyo ni dalili ya kutosha. Walakini mwenye kugawa maji ya mfereji kwa mashamba mia hana budi kuwa na hesabu, tena mapema, kabla jani halijajikunja. Na tarikhi ya hesabu hiyo, kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, ni tarikhi ya kutafuta ushahidi wa jua mahali ambapo mashahidi walikuwa haba.

Mwaka 1948 Howard Penman, mwanafizikia wa kituo cha Rothamsted huko Uingereza, baada ya kupima maji yaliyopaa kutoka mapipa ya maji, ya udongo mtupu na ya nyasi, alitoa kanuni ya kukadiria maji hayo, iliyokusanya joto, unyevu wa hewa, upepo na mwanga wa jua. Katika manne hayo, gumu lilikuwa jua, kwani vyombo vya kupima nguvu zake vilikuwa ghali na adimu. Aghalabu kituo cha hali ya hewa kilikuwa na tufe la kioo, lililokusanya miale na kuunguza mstari juu ya ukanda wa karatasi ngumu: wingu likipita, mstari hukatika; na jua likisha kuchwa, mpimaji huutoa ukanda, akapima urefu wa alama iliyoungua, akaandika saa za jua. Ili kuzigeuza saa hizo kuwa nguvu, Penman aliifuata mbingu ya kwao, ambayo siku ya mawingu matupu hupitisha kiasi cha sehemu 18 katika 100 za mwanga ufikao juu ya anga.

Huko Muguga, karibu na Nairobi, katika shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, J. Glover na J. S. G. McCulloch walibainisha mwaka 1958 kwamba sehemu hiyo hufuata latitudo, na kwamba penye ikweta hufika 29. Basi aliyeichukua kanuni ya Ulaya kama ilivyo alikuwa akilipunja jua letu, na kwa kulipunja jua akaupunja mmea maji yake. Mwaka 1965 McCulloch akatoa majedwali, yenye kuuhesabu hata mwinuko wa nchi, ili jawabu lipatikane kwa kalamu.

Mwaka 1985 George Hargreaves na Zohrab Samani, huko Marekani, walitoa kanuni isiyohitaji kipimo cha jua: walitosheka na joto la juu na la chini la siku, pamoja na latitudo na tarehe, kwa hoja kwamba mbingu safi huupa mchana joto na usiku baridi. Hoja hiyo husimama vema Dodoma. Lakini Mombasa, ambako bahari huzuia joto lisipande mno wala kushuka mno, tofauti huwa ndogo hata siku ya jua kali, na asiyetahadhari hudhani palikuwa na mawingu.

Kwa hiyo kila kanuni ifikapo ugenini huhitaji vipimo vya mahali hapo viisahihishe. Na shukrani zetu za kwanza zimwendee yule mpimaji asiyetajwa jina, aliyebadili ukanda wake kila magharibi, siku ya jua na siku ya mawingu, maana hata ukanda usioungua ulikuwa ushahidi.