Nani Anadaiwa Nauli?

Hapa Bofu, pwani ya Kenya, mbuzi akigongwa na matatu, hakosi mtu wa kukumbushia kisa kinachosimuliwa nchi nyingi za Afrika. Punda, mbwa na mbuzi walipanda gari. Punda akalipa nauli kamili, mbwa akatoa noti asirudishiwe chenji, mbuzi akateremka na kutoka mbio bila kulipa. Ndiyo maana punda hasogei hata upige honi, mbwa huyafukuza magari, na mbuzi akisikia injini hutimka. Kisa kitamu, ila kina ujanja: kifo cha mnyama kimegeuzwa tabia yake mwenyewe. Dereva hatajwi. Kondakta aliyekula chenji naye hashtakiwi!

Darsa za misikitini zina simulizi nyingine. Yapokewa kuwa Khalifa Umar bin Khattab, akiwa Madina, alihofia kuulizwa na Mwenyezi Mungu lau nyumbu wa mizigo angejikwaa huko Iraki: mbona hukumsawazishia njia? Mdaiwa hapa si mnyama wala anayemwendesha. Ni mwenye mamlaka juu ya njia.

Mikumi, Tanzania, barabara kuu iendayo Zambia hukata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na vibao vimetaja faini ya kila mnyama. Deni limehamia kwa dereva, lakini kila roho na bei yake, na usiku nani atashuhudia? Jozani, Unguja, walifanya vingine. Barabara ilipotengenezwa miaka ya 1990 magari yaliongeza kasi, kima punju wakawa wanagongwa. Yalipowekwa matuta, vifo vikapungua. Tuta halihitaji shahidi. Kwangu mimi, hilo ndilo jibu lililo karibu zaidi na hofu ya Umar.

Diani, mwendo mfupi kusini mwetu, shirika la kuwalinda mbega lililoanzishwa 1997 limetundika ngazi juu ya barabara, na mbega, kima na tumbili huzipita. Kazi ya kusifiwa. Hata hivyo aliyepisha ni mnyama: yeye kapandishwa juu, gari likaachiwa chini. Nyaya za umeme nazo huwaunguza, na wanaohangaika kupunguza matawi yanayozikaribia ni watu wa shirika hilohilo, ambao hawakuijenga barabara wala hawakuzivuta nyaya.