Pipa la majani: Mbolea ya maji ya kujitengenezea na kipimo chake halisi

HARUFU ndiyo hutangulia. Ukipita karibu na boma ambamo majani yamevundikwa pipani kwa wiki moja, huhitaji kuelezwa kuna nini nyuma ya nyumba. Maji hayo meusi, ambayo baadhi ya wakulima wetu huyaita chai ya mimea, si jambo geni nchini. Lakini yalirejea vinywani mwa wengi mwaka wa 2022 wakati gunia la kilo 50 la mbolea ya kupandia lilipopita Sh6,000 madukani. Serikali iliteremsha bei ya mbolea ya ruzuku hadi Sh3,500 mnamo Septemba mwaka huo, na mwaka uliofuata ikafika Sh2,500. Kabla wakulima hawajavuta pumzi, mwaka wa 2024 ikazuka kashfa ya mbolea bandia, na waliokwisha kupanda wakabaki wakiyatazama mahindi yakigeuka manjano.

Katika hali hiyo si ajabu mtu kuvutiwa na mbolea asiyoinunua. Tatizo ni kwamba pamoja na sifa za kweli za pipa hilo, kumeenea dai kwamba linaweza kuchukua mahali pa DAP katika shamba la mahindi. Anayeliamini dai hilo hugundua kosa lake wakati wa mavuno, na wakati huo hakuna cha kurekebishwa. Makala haya yanaeleza mbolea hiyo hutengenezwaje, ina nini ndani yake, na ikomee wapi.

Kinachotendeka pipani

Majani mabichi yaliyokatwakatwa na kufunikwa kwa maji hushambuliwa na bakteria na viini vingine ambavyo tayari vimo juu ya majani hayo. Viini hivyo huvunjavunja protini na sehemu nyingine laini za jani, na virutubisho vilivyokuwa vimefungika humo vikatoka na kuyeyuka majini. Potasiamu hutangulia, kwa kuwa haikufungamana sana na kitu chochote ndani ya jani. Naitrojeni hufuata polepole, sehemu kubwa yake ikiwa katika umbo la amonia, na hiyo amonia ndiyo mojawapo ya vinavyochoma pua. Uvundo unaofanana na wa yai viza hutokana na salfa, nao huzidi pale hewa inapokosekana kabisa.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulikosea. Pipa linalonuka amonia kupita kiasi ni pipa linalopoteza mbolea angani. Kadhalika, yako mazoea ya kutia jivu pipani kwa nia njema ya kuongeza nguvu. Jivu lina tabia ya magadi. Hupunguza ukali wa asidi na kuifukuza amonia itoke kama hewa. Jivu ni zuri, hasa kwa udongo wenye asidi, lakini litiwe shambani peke yake, siku nyingine.

Mmea wa kutumia

Kwa mkulima wa magharibi mwa Kenya jibu limesimama kando ya barabara. Ni alizeti mwitu, mmea wenye maua makubwa ya manjano ambao wataalamu huuita Tithonia diversifolia. Waluo huuita akech na baadhi ya Waluhya maua amalulu, na majina yote mawili yanataja uchungu wake. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Huku uliletwa kama pambo, kisha ukageuka kuwa ua wa mipaka ya mashamba.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa ICRAF, KEFRI na KARI (ambayo kwa sasa imo ndani ya KALRO) waliufanyia mmea huu uchunguzi wa kina katika eneo la Maseno na viunga vyake. Waligundua kwamba majani yake yakikaushwa huwa na takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni, asilimia 0.37 ya fosforasi na asilimia 4.1 ya potasiamu. Hivyo ni viwango vya juu kwa mmea unaojiotea. Fauka ya hayo, majani yake huoza upesi mno, sifa inayofaa sana kwa kazi ya pipa.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba alizeti mwitu si jamii ya kunde. Haitengenezi naitrojeni kutoka hewani kama zifanyavyo lukina, kaliandra na sesbania. Kila kilichomo katika majani yake kimetolewa katika udongo ulipoota. Anayeukata ua wake mwaka baada ya mwaka anahamisha rutuba kutoka mpakani hadi bustanini, hazalishi mpya.

Nyanda za juu zina kiwavi, yaani thabai kwa Wakikuyu, chenye naitrojeni nyingi. Ipo pia mabakibaki, ambayo inasifika kwa potasiamu na hivyo huwafaa wanaokuza nyanya na pilipili zikianza kuchanua. Matawi machanga ya lukina pia yanafaa. Usitumie mimea iliyokwisha kutoa mbegu, majani yenye ugonjwa, mabaki ya tumbaku, majani ya mkaratusi, wala nyasi zilizonyunyiziwa dawa ya kuua magugu. Dawa nyingine za aina hiyo haziozi upesi, na nyanya huweza kukunjamana majani kwa kiasi kidogo tu.

Hesabu ambayo haifanywi

Tuchukue pipa la lita 200 na kutia ndani yake kilo 40 za majani mabichi ya alizeti mwitu. Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hivyo tukadirie kwamba kila kilo 5 zinabakisha kilo 1 ya majani makavu. Tunapata kilo 8. Kwa viwango vilivyotajwa hapo juu, kilo hizo 8 zina takriban gramu 280 za naitrojeni, gramu 30 za fosforasi na gramu 330 za potasiamu. Na hapo tumejifanya kwamba chote kimeingia majini na hakuna kilichopotea, jambo ambalo halitokei.

Mbolea ya CAN ina naitrojeni ya asilimia 26 hivi. Gramu 280 za naitrojeni basi ni sawa na kilo 1 ya CAN, na ziada kidogo. Pipa zima, pamoja na jasho la kukata majani, kuteka maji na wiki mbili za kuvumilia uvundo, ni sawa na kilo moja ya mbolea ya dukani.

Kwa shamba la mahindi la ekari moja hilo ni tone baharini. Kwa bustani ya sukuma wiki mambo ni tofauti kabisa. Gawa naitrojeni hiyo kwa mashina 200, kila shina litapata gramu 1.4, kiasi ambacho kingetokana na kijiko cha chai cha CAN cha gramu 5 hivi. Huo si mchango wa kudharauliwa, na potasiamu inayokuja pamoja nayo haimo katika CAN hata kidogo.

Fosforasi ndiyo kikwazo kikubwa. Gunia moja la DAP la kilo 50 lina naitrojeni kilo 9 na fosforasi kama kilo 10. Ili kupata kilo hizo 10 za fosforasi kutoka kwa alizeti mwitu utahitaji zaidi ya tani 13 za majani mabichi. Mkokoteni wa punda hautoshi, wala ua wa kijiji kizima. Na udongo mwekundu wa sehemu nyingi za magharibi una upungufu wa fosforasi, tena huikamata na kuifungia ile chache iliyopo. Mahindi yanayoikosa hudumaa na kuwa na majani ya rangi ya zambarau tangu yakiwa madogo. Kuyamwagia chai ya mimea wakati huo ni sawa na kumpa maji mtu mwenye njaa.

Watafiti wa Maseno walilibaini hilo mapema. Walipendekeza majani ya alizeti mwitu yachanganywe na chanzo kingine cha fosforasi, mathalani mawe ya fosfeti yaliyosagwa kutoka Minjingu nchini Tanzania. Walibaini pia kwamba kwa sababu ya kazi nyingi ya kukata na kubeba, majani hayo humlipa zaidi mkulima wa mboga kuliko wa mahindi. Nadhani hilo ndilo neno lenye manufaa zaidi lililowahi kusemwa kuhusu mmea huu, na ndilo lililosahauliwa upesi zaidi.

Jinsi ya kutengeneza

Tafuta pipa la plastiki ambalo halijawahi kubeba dawa wala kemikali ya kiwandani. La chuma hutoboka kwa kutu. Liweke kivulini, mbali na kisima na jikoni. Kata majani na matawi laini vipande vifupi kama vya kupika mboga. Vikonyo vigumu viache. Jaza nusu ya pipa bila kushindilia, kisha mimina maji hadi ibaki nafasi ya shibiri moja juu, kwa sababu povu litapanda. Wengine hutia majani katika gunia lililofungwa na kulitundika kwa fimbo, wakiligandamiza kwa jiwe. Njia hiyo hupunguza kazi ya kuchuja.

Koroga kila siku, au angalau kila siku ya tatu, ili hewa iingie na uvundo upungue. Funika kwa neti au gunia jepesi ili mbu wasitage, kisha weka mbao nzito juu iwapo kuna watoto bomani. Kamwe usikaze kifuniko. Mwandishi wa makala haya aliwahi kukikaza cha kwake kwa kumstahi jirani. Siku ya sita kilifyatuka adhuhuri, na jirani huyo huyo ndiye aliyenisaidia kuosha ukuta.

Katika maeneo ya joto kama Kisumu mbolea huwa tayari kwa wiki mbili hivi. Katika baridi ya Limuru au Nyandarua yaweza kuchukua tatu au nne. Dalili ni tatu: povu limetulia, maji yamekuwa meusi, na majani yamelegea yakabaki mishipa.

Chuja, kisha changanya lita 1 ya maji hayo na lita 3 za maji safi. Kwa miche michanga changanya na lita 10. Mwaga nusu lita kwenye shina la kila mmea mara moja kwa wiki, udongo ukiwa na unyevu, jioni au asubuhi. Pipa likitoa lita 120 zilizochujwa, utapata lita 480 baada ya kuchanganya, ambazo zatosha mashina 200 kwa karibu wiki tano. Jaribu kwanza kwa mimea michache. Ikinyauka au ncha za majani zikiungua, ongeza maji. Usiweke akiba kwa miezi, kwani naitrojeni huendelea kutoroka.

Afya ya mlaji

Majani matupu ni salama kuliko samadi. Wanaotia kinyesi cha ng'ombe au cha kuku pipani, na ni wengi, wanaingiza viini vya maradhi ya tumbo ambavyo wiki mbili za kuvundika haziviui vyote. Kanuni za kilimo hai za Marekani hudai siku 120 zipite kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yasiyougusa. Dania na sukuma wiki haviwezi kungoja muda huo. Ukitia samadi pipani, maji hayo yapeleke kwenye ndizi au napier. Hata ya majani matupu yamwagwe chini, yasinyunyiziwe juu ya mboga inayokaribia kuvunwa.

Mapishi ya ng'ambo

Ufaransa nayo ina maji yake ya kiwavi, kilo 1 ya majani kwa lita 10 za maji, na yaliwahi kuwa kesi ya kitaifa. Sheria ya kilimo ya Januari 2006 ilipiga marufuku kuuza au hata kupendekeza bidhaa za aina hiyo zisizoidhinishwa. Wakulima waligoma kunyamaza, magazeti yakauita mgogoro huo vita vya kiwavi, na mnamo Aprili 2011 serikali ikaidhinisha rasmi namna ya kuyatengeneza.

Kutoka Korea Kusini kumekuja mbinu ya Cho Han-kyu. Vichipukizi vya mimea huchanganywa na sukari ya kahawia bila maji, huachwa kwa wiki moja hivi, na utomvu unaopatikana hupunguzwa kwa maji mara 500 au hata 1,000. Kwa kiasi hicho hakuna naitrojeni ya kuhesabika inayofika shambani, na bei ya sukari yetu kila mtu anaijua.

Baadhi ya maelekezo yanayosambazwa katika simu yameandikwa na wakuzaji wa bangi wa California na majimbo mengine ya Marekani yanayoruhusu zao hilo. Kenya imeliharamisha kwa sheria ya mwaka wa 1994, na si azma yetu kulijadili. Lililo muhimu ni kwamba wenzetu hao mara nyingi hupanda katika mifuko ya udongo wa kununua, uliokwisha kutiwa unga wa mifupa na mboji, na maji ya pipa huwa ni nyongeza tu. Anayeyanakili maelekezo hayo na kuyapeleka kwenye udongo mwekundu wa Vihiga amechukua nusu ya habari.

Masalio yanayobaki chini ya pipa yasitupwe. Yafukie katika shimo la mboji au chini ya mgomba, kisha suuza pipa na kulianika juani kabla ya kulijaza tena. Alizeti mwitu iliyokatwa wakati wa mvua huchipua upya. Ikate kabla ya kuchanua, wakati majani yake yangali na nguvu, nawe uache mashina machache ya kushikilia udongo wa mpaka.