Mashine ya kupunguza mafuta mwilini: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuinunua mpakani

MWENYE kliniki ya urembo anayenunua mashine ya kupunguza mafuta mwilini nchini Uganda na kuivusha Busia au Malaba huenda akakabiliwa na ushuru asioutarajia.

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huwaondolea wafanyabiashara wadogo ushuru wa forodha kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Hata hivyo, nafuu hiyo ni ya bidhaa zilizotengenezwa katika nchi wanachama. Mashine ya China haigeuki kuwa ya Uganda kwa kuuzwa Kampala. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka wa 2018, kiliharakisha ukaguzi, hakikuuondoa.

Vifaa vya tiba nchini Kenya husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Mnunuzi adai hati za usajili, ankara na nambari ya mashine kabla ya kulipa.

Mbinu ya kugandisha mafuta iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2010. Kipimabaridi kikiwa kibovu, ngozi ya mteja huweza kubabuka. Kwa wachache, mafuta huongezeka na kuwa magumu badala ya kupungua.

Kitambaa cha kukinga ngozi hutumika mara moja, hivyo gharama yake ihesabiwe mapema. Aidha, mashine iliyoundwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 huungua ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 240 za Kenya.