Vichocheo vya ukuaji: kutoka yai la kuku hadi dawa ya saratani

Seli ya mwili haigawanyiki ovyo. Husubiri amri, na amri hiyo huletwa na protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Kila kichocheo hushikamana na kipokezi chake kwenye utando wa seli, na kipokezi hupeleka ujumbe ndani: kua, gawanyika au endelea kuishi. Kichocheo cha kwanza kutambuliwa kilipatikana kwa kuchunguza uvimbe wa saratani.

Aliyekigundua, Rita Levi-Montalcini, alizaliwa Torino, Italia, mwaka 1909, akahitimu udaktari mwaka 1936. Miaka miwili baadaye sheria za ubaguzi za Mussolini ziliwafukuza Wayahudi, naye akiwa mmoja wao, katika vyuo vikuu. Levi-Montalcini aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akanoa sindano za kushonea kuwa visu vya upasuaji, akachunguza jinsi neva zinavyokua katika viinitete vya kuku. Vita vilipokwisha, Viktor Hamburger, ambaye makala yake ya mwaka 1934 ndiyo iliyomwongoza, alimwalika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani. Alifika huko mwaka 1947.

Mtafiti Elmer Bueker alikuwa amepandikiza uvimbe wa panya katika kiinitete cha kuku na kuona nyuzi za neva zikiuingia. Levi-Montalcini alirudia jaribio hilo, akagundua kwamba neva zilikua hata katika viungo visivyogusana na uvimbe. Akaupandikiza kwenye utando ulio nje ya kiinitete, mahali ambapo kiunganishi pekee kilikuwa damu. Neva zikakua vilevile. Hapo ilikuwa wazi kwamba uvimbe ulitoa kitu kinachosafiri katika damu.

Mwaka 1952 alisafiri kwa ndege hadi Rio de Janeiro, Brazili, akiwa na panya wenye uvimbe, kwenda kutumia maabara ya Hertha Meyer ya kukuzia tishu. Kipande cha uvimbe kilipowekwa karibu na fundo la neva ndani ya kisahani, nyuzi zilichipua pande zote kama miale ya jua kwa muda wa siku moja.

Mwaka 1953 mwanakemia Stanley Cohen alijiunga naye St. Louis ili kukitenga kitu hicho. Alitumia sumu ya nyoka kuvunjavunja asidi za kiini zilizomo katika dondoo la uvimbe, akakuta kwamba sumu yenyewe ilikuwa na kichocheo kingi kuliko uvimbe. Kwa kuwa tezi ya sumu ya nyoka ni jamaa ya tezi ya mate, alipima tezi za mate za panya dume na kukipata humo kwa wingi.

Dondoo la tezi hizo lilileta jambo jingine. Vitoto vya panya waliodungwa walifumbua macho na kuota meno siku kadhaa kabla ya wakati wake. Cohen alifuatilia dalili hiyo katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, na mwaka 1962 alitangaza kichocheo cha ukuaji wa seli za ngozi. Baadaye alionyesha namna kipokezi chake kinavyofanya kazi. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1986.

Uhusiano na saratani ulidhihirika mwaka 1984, watafiti walipoona kwamba jeni ya virusi vinavyosababisha saratani ya damu kwa kuku inafanana na sehemu ya kipokezi cha kichocheo cha Cohen. Kipokezi kinachotengenezwa na jeni hiyo ya virusi kimepoteza sehemu yake ya nje, hivyo huamrisha seli igawanyike hata pasipo kichocheo. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba katika takriban robo hadi theluthi moja ya saratani za matiti, jeni ya kipokezi cha ukoo huohuo, HER2, imejirudufu kupita kiasi, na kwamba wagonjwa hao walikuwa na hali mbaya zaidi.

Matokeo yake ni trastuzumab, kingamwili inayoshikamana na HER2 na kuzuia amri zake. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Dawa hii huwafaa tu wagonjwa ambao uvimbe wao una HER2 nyingi. Kwa hiyo kipimo cha kipokezi hicho hutangulia matibabu.