Aibu ya Choo cha Ndege Haikuanza na Wewe

Kuna watu wanaogopa ndege itaanguka. Mimi hewani niko sawa kabisa. Shida yangu iko kule nyuma, kwenye kile kichumba chenye mlango wa kukunja. Naingia nikiwa nimebanwa vibaya, nafunga mlango, natulia, halafu mkojo unakataa. Nje kuna foleni. Mtu anakohoa. Basi, kibofu kinafunga duka.

Kama umecheka, ni sawa. Lakini kuna msee anasoma hii na hacheki. Ameitwa kazi Doha ama amepata chuo Canada, na kitu cha kwanza alichowaza hakikuwa viza. Aliwaza yale masaa yote angani. Hii ni yake.

Hali hii inaitwa paruresisi, yaani kibofu chenye haya. Nimefuatilia historia yake, na maoni yangu ni haya: kibofu ni chako, lakini hiyo aibu umeirithi. Ilijengwa pole pole, kwa kuta, milango na sheria.

Tuanzie Italia. Nenda kwenye magofu ya Ostia, mji wa bandari wa Warumi, utakuta choo cha umma bado kipo: benchi refu la mawe, mashimo yamepangwa moja kando ya lingine, hakuna ukuta katikati. Watu walikaa bega kwa bega. Kaizari Vespasian, aliyetawala kutoka mwaka 69 hadi 79, hata aliutoza kodi mkojo uliokusanywa mjini, kwa sababu wafua nguo waliuhitaji kwa kazi yao. Mkojo ulikuwa bidhaa.

Sasa ruka hadi London, 1851. Kwenye Maonyesho Makuu pale Hyde Park, fundi mmoja anaitwa George Jennings aliweka vyoo vya kulipia. Watu 827,280 walitoa peni moja moja kuvitumia. Ukiniuliza, walichonunua hasa ni mlango. Ukilipa 10 bob pale stage leo, unanunua kitu kile kile. Faragha ikawa na bei, na tukaanza kuamini kwamba mtu wa heshima hukojoa peke yake. Lakini wanaume wengi waliendelea kupangwa ukutani, na wanawake wakasahaulika: kwa miaka mingi vyoo vya umma katika miji ya Uingereza vilijengewa wanaume zaidi, kwa hivyo mwanamke alipanga safari yake kulingana na nguvu ya kibofu chake.

Jina la kitaalamu lilikuja 1954. Watafiti wawili Marekani, Williams na Degenhart, waliwauliza wanafunzi wa chuo 1,419 kama hii kitu imewahi kuwapata. Asilimia 14.4 walikubali. Chukua darasa la watu 50: hao ni kama saba. Na wewe ulidhani uko peke yako.

Mwaka 1976 ndio kulitokea kioja chenyewe. Middlemist na wenzake walitaka kujua kama mtu akisimama karibu nawe chooni mkojo huchelewa. Mtafiti alijificha kwenye choo cha kando na kifaa cha kuchungulia, akawapima wanaume 60 bila wao kujua. Aliyekuwa peke yake alianza kukojoa baada ya sekunde 4.9. Aliyesimamiwa kando kabisa, sekunde 8.4. Wenzao waliwakosoa kwa kuingilia faragha ya watu, na kwa haki. Lakini ona matokeo: hao walikuwa wanaume tu waliopita msalani, hakuna aliyekuja kutafuta daktari. Kumbe hii haya iko kwa wengi, ni vile kwa wengine sauti yake iko juu. Mwaka 1980 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliitaja hofu ya kutumia vyoo vya umma kama mfano wa hofu ya kijamii. Kwa hivyo si utoto, na si laana.

Mwili wenyewe unafanya hivi: ukishtuka, neva zile zile zinazopigisha moyo mbio hukaza msuli wa shingo ya kibofu na kuuzuia ukuta wake kusukuma. Ndio maana kujilazimisha hakusaidii. Ukijikasirikia, unaongeza mshtuko, na mlango unakazwa zaidi.

Ndege nazo hazikujengwa kwa kufikiria kibofu kwanza. Charles Lindbergh aliporuka kutoka New York hadi Paris peke yake mwaka 1927, masaa 33 na nusu, alitumia chombo tu. Tarehe 5 Mei 1961, Alan Shepard alipangiwa safari ya anga ya dakika 15, na hakuna aliyempangia choo. Kuondoka kukachelewa, akakaa ndani ya chombo kwa zaidi ya masaa manne kabla ya kuruka, na hatimaye akakojoa ndani ya suti yake. Kile choo kinachofyonza kwa kishindo kilianza kutumika kwenye ndege za Boeing mwaka 1982. Tangu Oktoba 2018 unaweza kupanda ndege Nairobi na kushuka New York bila kutua, karibu masaa 15. Masaa 15 bana, na vyoo vichache mnagawana na watu zaidi ya mia mbili.

Na sisi hapa tunaendeleza hiyo hadithi. Shule nyingi za boarding ziko na ule ukuta mrefu wa simiti, vijana wamepangwa, prifekti anapiga kelele "haraka!" Halafu angalia wanariadha wetu, fahari ya nchi. Sheria za kupambana na dawa zilizopigwa marufuku zinataka afisa auone mkojo ukitoka mwilini, na ufike angalau mililita 90. Mtu amemaliza kilomita 42, mwili umekauka, na kuna mtu anamtazama. Jaribu hiyo kabla ya kumcheka mwenzako.

Kwa ndege, haya ndiyo yananisaidia. Chukua kiti cha kando ya njia, karibu na choo. Enda mapema, mara taa ya mkanda inapozimwa, ama wakati wengi wamelala. Baada ya chakula kuna foleni. Usifunge maji, hewa ya ndege ni kavu na kujikausha hakutibu hofu. Kunywa kidogo kidogo. Ndani, kaa chini hata kama wewe ni mwanaume, fungulia maji, toa pumzi pole pole. Kelele ya injini inafunika kila kitu, hakuna anayekusikia. Ikikataa, rudi kiti ukajaribu tena baadaye. Huu si mtihani.

Dawa ya kudumu huanza nyumbani, hatua kwa hatua. Kunywa maji ya kutosha, mwambie rafiki unayemwamini asimame mbali, hata nje ya nyumba, wewe uende chooni. Ikishakuwa rahisi, asogee kidogo. Siku nyingine asogee tena. Washauri wa kisaikolojia hutumia njia hii hii, na wanaweza kukuongoza. Kwa hali ngumu zaidi, daktari anaweza kukufundisha kujitoa mkojo kwa mrija mwembamba, njia ambayo daktari Jack Lapides aliieneza tangu 1972. Na tafadhali, kama umekaa masaa mengi hujaweza kabisa na tumbo la chini limevimba na linauma, nenda hospitali, usingoje kesho.

Ninachokataa ni mtu kukosa kazi, masomo ama mazishi ya shangazi yake ng'ambo kwa sababu ya mlango wa kukunja. Tumefundishwa kuficha hii kitu mpaka wengi wanachagua kubaki nyumbani kuliko kusema. Kwa hivyo ukisafiri na mtu na amechelewa chooni, usigonge mlango wala usimuulize alikuwa anafanya nini huko. Msogezee miguu apite, arudi kiti chake.