Kadi Zilizokufa Mwaka wa 2008

Mwaka jana, saa tano usiku, rafiki yangu alinitumia mistari arobaini na kitu ya msimbo na ujumbe mfupi: "Buda, nisomee hii kabla sijaituma." Yeye hutengeneza vibao vidogo vya kupima maji kwenye matangi, na kile alichoandika kilikuwa kiraka cha keneli ya Linux, kwenye sehemu inayoamsha basi. Basi hapa si ile ya kwenda Busia. Ni njia ya waya ambayo prosesa na vifaa vyake huongelea.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipogoma, lakini kompyuta nilikuwa nimezisoma kiasi cha mtu mmoja kuniamini. Nilisoma kiraka kwa dakika ishirini, chapati mkononi. Nikamjibu iko fiti. Tena nikamwambia aweke jina langu.

Hilo jina si mchezo. Mwaka wa 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai kwamba msimbo wake umepenyezwa ndani ya Linux, na kuanzia 2004 kila kiraka kinachoingia keneli kikawa lazima kiwe na sahihi ya aliyekiandika. Baadaye ukaongezwa mstari mwingine, wa mtu anayesema: nimekikagua, sikuona tatizo. Si kama kubonyeza kidole gumba kwenye picha ya mtu. Miaka kumi baadaye mstari huo bado upo kwenye kumbukumbu, na jina lako pia.

Majibu yalikuja siku mbili baadaye kutoka kwa mkaguzi tusiyemjua, mistari miwili tu. Aliuliza: je, kifaa hiki kikichelewa kuamka, kumbukumbu yenye kazi hii ikiwa imeshaachiliwa, itakuwaje?

Rafiki yangu akanipigia. "Ulisoma kweli?"

Kuna kisa kimoja ambacho ningekuwa nimekisoma mapema, nisingeulizwa swali hilo.

Kwanza ujue kompyuta inavyojitambua. Zamani, kwenye kompyuta za IBM za 1981, kadi ukiongeza ulikuwa unasogeza vipini vidogo kwa mkono ili kadi mbili zisigombanie anwani moja. Mwaka wa 1992 Intel ikaleta basi ya PCI, na kazi hiyo ikaachiwa programu. Keneli ikiamka hupita mlango kwa mlango: basi hadi 256, kila moja ina nafasi za vifaa 32, na kila kifaa kinaweza kuwa na kazi 8. Kwenye kila mlango inauliza, nani hapa? Kama hakuna mtu, jibu linarudi likiwa moja tupu, yaani FFFF. Kama kuna kadi ya Intel, inajibu 8086, namba ya prosesa yao ya 1978. (Mtu alikuwa na raha zake siku hiyo.) Kisha keneli inaandika moja tupu kwenye rejista ya anwani ya kadi na kusoma ni biti gani zimekataa kubadilika. Hapo inajua kadi inataka nafasi kubwa kiasi gani, na kuigawia kipande cha anwani.

Hapa ndipo hatari ilipo. Baada ya ugawaji huo, anwani fulani si kumbukumbu tena. Ni kifaa. Ukiandika pale huhifadhi kitu, unatoa amri.

Septemba 2008, watu waliokuwa wakijaribu keneli ya 2.6.27 kabla haijatoka rasmi walianza kuripoti jambo la kutisha. Kompyuta inaanguka, unaiwasha tena, na kadi ya mtandao haipo. Si kwamba imekwama, imekufa. Zilikuwa kadi za Intel zinazoendeshwa na draiva iitwayo e1000e, nyingi zikiwa zimeshikamana na ubao mkuu wa laptopu. Ndani ya kadi hizo kuna hifadhi ndogo ya fleshi yenye anwani ya kadi na mipangilio yake, na hifadhi hiyo ilikuwa imevurugwa. Ukirudisha keneli ya zamani, kadi bado imekufa. Ukiweka Windows, ni yale yale.

Watengenezaji wa Ubuntu, openSUSE, Fedora na Mandriva walikuwa karibu kutoa matoleo mapya. Wakaanza kuonya watu na kuizima draiva. Lawama ziliiangukia draiva yenyewe, kisha programu za michoro za Intel, kwa sababu kadi nyingi zilikufa wakati skrini ndiyo ilikuwa inaanguka. Wahandisi wa Intel, chanzo kikiwa bado gizani, waliandika kiraka cha kufunga hifadhi ile isiandikike. Keneli ikatoka tarehe 9 Oktoba ikiwa na kufuli, lakini bila jina la mwizi.

Mwizi hakuwa na uhusiano wowote na mtandao. Alikuwa ftrace, chombo kipya cha kufuatilia kazi zinazoitwa ndani ya keneli. Ftrace huweka orodha ya anwani ambapo kila kazi inaanzia, kisha hurudi kwenye anwani hizo kubadilisha amri moja ndogo ili ufuatiliaji usiipunguze kasi mashine. Sasa, kuna kazi ambazo hutumika mara moja tu wakati wa kuamsha kifaa. Hupewa alama ya __init, na zikimaliza, kumbukumbu yake hurudishwa ili itumiwe na wengine. Ftrace haikuwa imeambiwa. Orodha yake bado ilikuwa na anwani za kazi zilizokwisha kufutwa, na kwenye prosesa za biti 32 anwani zilizoachwa na vipande vya draiva ziliweza kupewa kifaa. Baadhi zikapewa hifadhi ya kadi ya e1000e.

Chukulia umehama keja ila ufunguo umebaki nao. Unarudi kuangalia kama kochi lako bado lipo. Halipo, unafunga mlango taratibu na kuondoka. Hukugusa kitu. Lakini mpangaji mpya alikuwa ameunganisha huo mlango na swichi.

Ndivyo ilivyokuwa. Ftrace ilikuwa na adabu, ililinganisha kwanza: kama amri niijuayo haipo hapa, sibadilishi. Ila amri ya prosesa iliyotumia kulinganisha huandika kila mara, hata ulinganisho ukishindwa. Inarudisha kile kile ilichokisoma. Kwenye kumbukumbu ya kawaida haina madhara. Kwenye fleshi, kuandika ni kuagiza. Steven Rostedt, mwandishi wa ftrace, alikiri wazi kwamba kosa ni lake, na mwezi huo huo wa Oktoba toleo la 2.6.27.1 likaizima sehemu hiyo.

Kinachonikera kwenye hadithi hii ni kwamba msimbo ulikuwa umekaguliwa, tena na watu wanaojua. Waliosoma ftrace walikuwa wanawaza ufuatiliaji. Waliosoma e1000e walikuwa wanawaza mtandao. Hakuna aliyepewa kusoma ile saa ya katikati, kazi ya kuamsha ikishakufa na anwani yake ikiwa imepata mwenyewe mpya. Hakuna faili lenye jina hilo.

Rafiki yangu naye alikuwa ameweka __init kwenye kazi inayotafuta kifaa chake kwenye basi, ili aokoe kumbukumbu kidogo. Kibaoni kwake ilifanya kazi kila mara, kwa sababu kifaa kilikuwa kinaamka mapema. Lakini kama draiva ya umeme wake ingechelewa, keneli ingekiweka kando na kukijaribu tena baadaye, na kuiita kazi ambayo haipo. Pale pangekuwa na kitu kingine, chochote. Alama yenyewe niliiona. Niliipita kama mtu anavyopita salamu mwanzoni mwa barua.

Toleo la pili alilituma akiwa ameitoa alama, na jina langu pia. Sikumwuliza. Mkaguzi yule alilipokea bila neno.

Juzi amenitumia kingine, mistari mia mbili na kumi, cha kuamsha vifaa viwili kwenye basi moja. Hakusema nisome lini. Nina siku tatu nacho, na niko mstari wa themanini na nne, ambapo kuna anwani inayotunzwa kwenye orodha na bado sijapata inapofutwa.